Kompyuta ya Mwalimu Nakiete

Tulimzika Mwalimu Nakiete kijijini kwao Chome, asubuhi ya ukungu. Gari lilipokwama kwenye tope chini ya kanisa, wanaume walishusha jeneza wakalibeba mabegani kipande cha njia kilichobaki. Baada ya maziko tulikaa kwenye mabenchi ya shule tukapewa makande yenye moto mkali, na kina mama walionizunguka wakawa wanamkumbuka kila mmoja kwa namna yake: jinsi alivyokuwa hapendi mtoto anayechelewa, jinsi alivyoimba sauti ya pili kwaya nzima ikamfuata yeye badala ya mwalimu wa kwaya, jinsi alivyomkatalia mkaguzi wa shule kuketi kwenye kiti chake. Nilisikiliza na kucheka nao. Hakuna aliyetaja kompyuta. Sikuwalaumu, kwa sababu wengi walimjua akiwa na chaki mkononi, na mimi nilimjua mwaka mmoja tu, akiwa amestaafu, mkali kama kawaida yake, ameketi mbele ya skrini na shali mabegani, akiielekeza ndege ya mchezo mahali ambapo watengenezaji wake hawakuwahi kupafikiria. Sasa nywele zangu za pembeni zimeanza kuota mvi, na bado nikiulizwa ni lini nilianza kuwa mtu ninayeweza kumtegemea mwenyewe, jibu langu ni mwaka ule, pale Same.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifanya kazi kwenye steshenari moja hatua chache kutoka stendi ya mabasi, duka jembamba lenye mashine ya fotokopi, kompyuta mbili za kuchapia barua, na feni iliyozungusha vumbi lile lile tangu asubuhi hadi jioni. Saa za mchana, jua linapokuwa kali na watu wanakimbilia vivuli, hapakuwa na wateja, nami niliingia kwenye mtandao kusoma mabishano ya watu wa mbali kuhusu vipuri vya kompyuta. Sikuwa na kompyuta. Nilisoma tu, kama mtu anayesoma habari za mji ambao hatafika. Nilijua kipi kinakubaliana na kipi, kipi kinachemka haraka, kipi ni bei nafuu lakini kinavumilia. Siku hiyo Mwalimu Nakiete aliingia akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, akagusa ukingo wa mlango kwa vidole kabla ya kupita, jambo ambalo niliona na sikulitilia maanani.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema. Same nzima ilimwita hivyo, hata ambao hakuwafundisha.

"Marahaba. Wewe ndiye binti unayejua kompyuta?"

"Najua kidogo, Mwalimu."

"Kidogo kiasi gani?" Hakungoja jibu. Alikunjua karatasi kwenye kaunta. "Nataka kompyuta ya kurushia ndege."

Nilicheka. Aliniacha nicheke mpaka nikamaliza, kisha akasukuma karatasi karibu nami. Mjukuu wake, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, ndiye aliyeiandika: jina la mchezo wa kuendesha ndege, na chini yake mambo ambayo mchezo huo unayadai kwenye kompyuta ili ukubali kufunguka. Yalikuwa madai makubwa. Kompyuta zetu mbili za dukani zingezimia kwa robo yake. Nikamwambia hivyo. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kwangu na hakwenda dukani kununua iliyo tayari, kwani bei ya iliyo tayari na yenye nguvu hiyo hawezi kuimudu. Alikuwa na kiasi chake, na kiasi hicho hakingeongezeka.

"Elieza anasema atanikatia tiketi nipande ndege ya kweli," aliongeza. Elieza ni mwanawe. "Ndege ya kweli inakupitisha, basi. Mimi nataka kuzunguka. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, Namsifu. Nimechora milima hii ubaoni kama inavyoonekana kutoka juu, na sijawahi kuiona kutoka juu."

Alikuwa amekwisha kuliuliza jina langu kwa watu kabla ya kuja.

Ndivyo Jumamosi zangu zilivyohamia nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa upande wa mlimani wa barabara kuu, na ukiketi sebuleni uliisikia lami ikinguruma kwa malori huku macho yako yakiwa kwenye Milima ya Pare, ya buluu asubuhi, ya kijivu mchana, na jioni ikiwa na mikunjo kama kitambaa kilichotupwa kitini. Chumba hicho bado nakiota. Viti vilivikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, ukutani ramani ya dunia ambayo bahari zake zilikuwa zimepauka hadi kufanana na maziwa, na kila mahali harufu ya tangawizi, maana aliitwanga na kuitia kwenye chai kwa wingi uliokutoa machozi. Tulikula kwanza. Hakukubali mazungumzo ya kazi kabla ya chakula: makande, au ndizi za kupika na maharage, na mara moja moja samaki aina ya perege wa Ziwa Jipe aliowakaanga wakavu hadi mapezi yakawa yanakatika kama biskuti. Kisha anafuta meza, anaweka daftari la mistari, anasema, "Nifundishe kama mtoto wa darasa la tano."

Nikamfundisha. Mazabodi ni ubao ambao wengine wote wanakaa juu yake. Prosesa ndiyo inayofikiri, nayo ina mamia ya pini nyembamba kama nywele, na pini hizo zina tundu zao kwenye mazabodi, si za mazabodi yoyote ile. Ramu inashika kile kinachofikiriwa sasa hivi. Kadi ya picha inachora mawingu na ardhi, na bila hiyo hakuna ndege. Pawa saplai inawalisha wote, na ikiwa dhaifu wote wanalala njaa. Alichora miduara na mistari kati yake, akauliza maswali ya mwalimu: nani hamkubali nani, na kwa nini? Ramu ya kizazi hiki inaweza kukaa kwenye mazabodi ya kizazi kile? Haiwezi, hata ikiingia kwa nguvu, mwanya wake uko mahali pengine. Kadi hii uliyoisifu ni ndefu kiasi gani? Alikwenda chumbani akarudi na futi ya kushonea, tukapima kasha la kompyuta tulilokuwa tumenunua kwa fundi wa pale pale mjini, tukakuta kadi niliyoichagua ingetokeza nje kwa upana wa vidole viwili. Tukachagua fupi zaidi, ya zamani kidogo, ambayo haikuhitaji waya wake wa umeme, na kwa hiyo pawa saplai ya kawaida ingetosha. Nilikuwa nimesoma mambo hayo mwaka mzima peke yangu. Sikuwa nimewahi kuyaona yakipimwa kwa futi.

Sikujua haraka yake ilitoka wapi hadi siku moja nilipokuwa jikoni naosha vyombo na yeye yuko sebuleni anaongea na simu. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. "Siji sasa," alisema. "Mwezi wa kumi na mbili, nimekwisha kukuambia. Daktari alisema presha ya macho, hakusema kifo." Akasikiliza. "Elieza, kama ni kupotea yatapotea huko huko kwako au huku kwangu. Huku nina kazi." Nilipotoka na mikono imelowa alinitazama, akajua kwamba nimesikia. Hakuficha. Alikunja ngumi akaacha tundu katikati, akaiweka kwenye jicho lake. "Naona hivi. Katikati ni safi kabisa, pembeni pameshakuwa pazia. Na tundu linapungua." Kisha akaniuliza ramu itafika lini.

Vipuri vilikuja kimoja kimoja kwa mabasi, kutoka Arusha na kutoka Dar, vimefungwa kwenye magazeti na nguo kuukuu. Tulivipanga juu ya kabati lake, na nadhani hakuna sahani za wageni zilizowahi kutunzwa kama vile. Hadi mwezi wa saba kilibaki kitu kimoja, prosesa, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimempata mtu wa Arusha aliyekuwa anauza iliyotumika, yenye nguvu kuliko tulivyotegemea. Aliniambia kwenye simu kwamba inaingia kwenye bodi zote za kampuni ile. Jina la soketi liliachana kwa alama moja tu mwishoni. Niliiona alama hiyo. Nilijiambia haina maana, kwa sababu nilitaka isiwe na maana.

Ilipofika nilimwomba Mwalimu mazabodi nikaijaribie dukani, kwenye mwanga mzuri. Ilikuwa mchana, tajiri wangu amekwenda kula, feni inazunguka. Niliiweka prosesa juu ya tundu zake na haikukaa. Niliigeuza. Haikukaa. Kisha nikaibonyeza kwa dole gumba, na chini ya dole nikahisi kitu laini kikilegea, kama unavyohisi ganda la yai kabla halijapasuka. Nilipoiinua, pini za pembeni zilikuwa zimelala, safu nzima, kama mahindi baada ya upepo. Nakumbuka sikulia. Nilichukua pamba, nikaifunga, nikaiweka kwenye mkoba wangu, na Jumamosi nilipofika kwake nikasema imegundulika ina kasoro, nimeirudisha Arusha, wataleta nyingine.

Nilisema hivyo Jumamosi tatu. Alinipikia kila mara. Hakulalamika hata kidogo, na mimi nilikula chakula chake nikitazama ramani ukutani ili nisimtazame yeye. Jumamosi ya tatu alimimina chai, na nikaona ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi. Chai ilikuwa ya moto. Alikitoa kidole, akakifuta kwenye kitenge, akanisogezea kikombe kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mwalimu," nilisema, "prosesa iko kwenye mkoba wangu. Haijawahi kwenda popote. Niliiharibu mwenyewe."

Lori lilipita, madirisha yakatetemeka, mngurumo ukaisha.

"Wiki tatu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe unadhani mimi nina wiki ngapi?"

Alinisema kwa Kipare, maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni na ambayo kwa Kiswahili hayana makali yale yale. Nilisimama nikitaka kuondoka. Akasema, "Nimekuambia uondoke? Kilete hicho kipuri."

Alikihamishia kiti chake dirishani, akaagiza nimletee boksi la kushonea, akatoa sindano nyembamba kuliko zote na lenzi aliyokuwa anasomea Biblia. Alinivua sweta, maana nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba sufu inazaa umeme unaoua vipuri, na tukagusa nondo za dirisha wote wawili kabla ya kuanza. Kisha akaisogeza prosesa hadi ikaingia kwenye lile tundu la macho yake, na akaanza kuinua pini, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya sindano. Nilishika lenzi. Kwa muda wa saa mbili au tatu hakuniambia chochote isipokuwa "mwanga" na "kushoto." Mara moja tu alisema, kama anaongea peke yake, "Kitu kidogo namna hii, jicho bado linakiweza." Jua lilitambaa kutoka magotini pake hadi sakafuni. Nilikuwa naona mikono yake karibu sana, mishipa, kovu la kisu, kucha zilizokatwa fupi, na sijui kama nimewahi kumpenda mtu kwa aibu kiasi kile. Pini ya mwisho iliposimama alinikabidhi na kusema, "Imenyooka. Bado haikai kwenye hiyo bodi yako, sivyo?"

"Haikai."

"Basi prosesa ibaki, bodi ndiyo iondoke. Tafuta bodi yake."

Kubadili mazabodi kulimaanisha kubadili na ramu, kwa kuwa bodi ya zamani inataka ramu ya zamani. Nilisikia habari za fundi mmoja wa Hedaru, Mgonja, aliyekuwa anakusanya kompyuta zilizokufa. Nilikwenda siku ya soko na bodi yetu, nikitaka kubadilishana. Kibanda chake kilibanwa kati ya wauza vitunguu na vijana wa kuziba pancha, mabasi yakisimama na kuondoka, wachuuzi wakiinua mayai na karanga madirishani. Ndani palikuwa na giza la ubaridi na bodi zimening'inia kwenye misumari kama nyama buchani. Aliigeuza bodi yangu mara mbili.

"Dada, hii yako ni mpya kuliko yangu. Una uhakika unataka kushuka?"

"Nina uhakika. Nataka inayoikubali hii," nikamwonyesha prosesa.

Alisoma alama hadi mwisho, ile alama ya mwisho kabisa, akashusha bodi moja msumarini, akaipuliza vumbi. Badala ya kuifunga akanipa. "Ijaribu hapa hapa. Weka tu, usisukume. Ukiona unasukuma, acha." Niliinua kile kiwiko kidogo cha chuma pembeni ya soketi, nikaishusha prosesa, nikaiachia. Ilizama kwa uzito wake mwenyewe. Haikutoa sauti. Nilisimama pale nikiitazama, na Mgonja akanitazama mimi, akasema, "Pole, dada," ingawa hakujua kisa chochote. Ramu mbili za zamani akanipa juu ya yale mabadilishano, na tukaachana kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepunjika.

Iliwaka mwezi wa nane, saa kumi alasiri. Mlio mmoja mfupi, kisha feni, kisha mwanga. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mchezo ulifunguka taratibu kama mlango wa ghala, ndege ndogo ya pangaboi ikaonekana kwenye uwanja ulio chini ya Kilimanjaro, na yeye akashika fimbo ya kuongozea aliyotumiwa na mjukuu, akaiinua ndege, akaiangusha. Aliiangusha mara kumi na moja siku hiyo. Ya kumi na mbili ilikubali, na tukaelekea kusini mashariki, tambarare ikiwa mkono wa kulia na Pare ikijitokeza mbele. Milima ilikuja, na ilikuwa vichuguu vya kijani, laini, bila nyumba, bila barabara, bila mgomba hata mmoja. Jipe ilikuwa doa lisilo na umbo lake. Nilidhani atalia.

"Hawajafika huku," alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha madaftari. "Haya. Pale ni Shengena. Pale, chini ya bega lile, ni Chome. Njia ya shule inapita hapa, mto hapa." Na akazunguka, akazunguka tena, akikijaza kile kijani kitupu kwa mdomo wake, na mimi niliyezaliwa huko nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mto wa kwetu na mto wa kijiji cha pili inatoka kwenye ukingo mmoja.

Miezi ile ya upepo mkavu ilipita kama usingizi wa mchana. Kila alasiri, umeme ukiwapo, aliruka. Mchungaji alikuja kuulizia, akabaki kutazama, akaomba kupelekwa Yerusalemu. Mwalimu akapiga hesabu ya mwendo wa ndege ile ndogo akamwambia arudi kesho jioni. Akarudi kweli. Nami, kati ya safari na safari, nilijazishwa fomu ya chuo cha ufundi, ambayo aliisoma kwa lenzi mara mbili na kunirudishia kwa sababu ya herufi moja. Leo natengeneza mashine za hospitali, zile zinazopiga picha ndani ya watu, na sijawahi kusukuma kitu kisichotaka kuingia, wala kusema kipuri kiko njiani wakati kiko mkobani mwangu. Alikwenda Dar mwezi wa kumi na mbili kama alivyosema. Wakamfanyia upasuaji, jicho moja likabaki na tundu lake dogo kwa miaka mingi, la pili likafunga. Nilimtembelea mara chache kuliko nilivyopaswa.

Siku moja kabla Elieza hajaja kumchukua nilifika mapema. Vitambaa vilikuwa vimevuliwa vitini, ramani imekunjwa, kompyuta tu ndiyo iliyobaki mezani. Aliiwasha, akashika fimbo, akakaa kitambo bila kuruka. Kisha akainuka, akanipa kiti chake. Mawingu ya siku ile, alisema, yalikuwa yamekula skrini yote.

"Rusha wewe. Niambie unachokiona."

Niliruka. Nilikwenda polepole, nikafuata ukingo wa milima hadi juu ya Chome. Mbele yangu palikuwa na kijani kitupu. Nikaanza kusema: kanisa, bati lake linang'aa upande mmoja. Moshi kwenye nyumba ya kwanza, ya pili hakuna moshi, wamekwenda shambani. Mwanamke anapanda na kuni, amesimama kupumzika kwenye kona. Watoto wametoka darasani, wanakimbia.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani pangu.

"Hayo hayamo kwenye mashine," alisema.

"Hayamo, Mwalimu."

Mkono haukuondoka. "Wanakimbilia wapi?"